Nilipokea Simu ya Mke Wangu, Nikaikataa Nafasi Yake

Shikamoo Bi Mwanamvua. Mimi ni msomaji wako tangu nikiwa chuoni na sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nitashika kalamu mwenyewe, maana nilizoea kusoma barua za wenzangu nikitikisa kichwa na kumwambia mke wangu kwamba watu wengine wanajitafutia matatizo, na leo nakuomba unisaidie kabla mwaka haujaisha, kwa sababu nimefanya jambo baya, na niliyemfanyia nalala naye nyumba moja, na hajui, na kinachonimaliza zaidi ni kwamba ananishukuru.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, nafundisha jiografia, nakaribia miaka arobaini, tunaishi Katubuka. Mke wangu nitamwita Yunisi, ni mwalimu wa shule ya msingi, tulikutana chuo cha ualimu, na Mungu ametujalia watoto wawili ambao nitawaita Bariki na Diana. Mwaka tuliooana Yunisi alikuja na wazo, kwamba kila mwaka unapoisha tuteremke Kibirizi mchana, tununue migebuka, wale samaki wa ziwani, ya kuchoma, tukae pale ufukweni, kila mtu aseme kwa mdomo wake malengo ya mwaka unaokuja, lengo la kazi, lengo la nyumbani na lengo la nafsi yake, halafu tukumbushane ya mwaka unaokwisha yamefikia wapi. Mimi wazo lile nililipenda sana, na leo nitakwambia sababu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nililipenda kwa kuwa nilikuwa namshinda. Miaka ile yeye alikuwa na mimba, mara ananyonyesha, mara amehamishiwa shule ya mbali, malengo yake yanakwama, na mimi yangu yanakwenda, nilipata shahada, nilinunua kiwanja, na kila tulipokaa pale nilikuwa nampa pole kwa sauti ya upole huku moyoni nikijisikia vizuri kama mtu aliyekula akashiba.

Sasa mwaka jana ulipokuwa unaisha, kwa ajili ya mwaka huu mimi nilitaja malengo mengi. Nilisema nitaanza shahada ya uzamili, nitakuwa makamu mkuu wa shule kwa kuwa aliyekuwepo alikuwa anastaafu, nitafungua darasa la tuisheni pale Mwanga, nitanyanyua ukuta wa nyumba kwenye kile kiwanja, nitakimbia kila asubuhi nipunguze tumbo, nitajifunza Kifaransa kwa sababu ya hawa wenzetu wa Burundi na Kongo wanaopita hapa kibiashara, na mengine hata nimeyasahau. Yunisi alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Baba Bariki, hayo yote utayaweka wapi?" Nikamjibu kwamba mimi sikuoa ili nipunguze mwendo. Akacheka tu, akataja yake. Kazini alisema atajifunza lugha ya alama, kwa kuwa darasani kwake wameingia watoto viziwi na anawaona wanakaa tu wakimtazama midomo. Nyumbani alisema tuwe tunakula pamoja mara moja kwa siku, iwe asubuhi au jioni. Na nafsi yake alisema anataka kujua kuogelea, kwa sababu yeye ni mtu wa Kasulu, amekulia milimani, na miaka yote tuliyokaa hapa ziwani hajawahi kuingia maji yakavuka magoti. Mimi nilizaliwa Kasingirima, mtoto wa ziwa, nilimwambia hilo la kuogelea nitamfundisha mwenyewe. Nilimwahidi.

Bi Mwanamvua, sikumfundisha. Kila Jumamosi nilikuwa na tuisheni, Jumapili baada ya ibada nasomea uzamili, siku za kazi nikitoka shule naenda kwenye kiwanja kuangalia mafundi, nikirudi watoto wamelala na chakula changu kimefunikwa, asubuhi natoka wao bado wanaamka. Kile chakula cha pamoja walikuwa wanakula wao watatu. Mwanzoni Yunisi alikuwa ananipigia simu kuniuliza kama wanisubiri, baadaye akaacha, na mimi badala ya kujiuliza kwa nini ameacha nilishukuru kwamba simu haikatishi vipindi vyangu.

Kumbe yeye alikwishapata mwalimu. Pale Mwanga kuna dada mmoja fundi cherehani, kiziwi tangu utoto, Mwislamu wa Ujiji, nimwite Asia. Yunisi alimpelekea vitenge ashone, wakaelewana kwa mikono mikono, mwisho wakapatana kwamba kila Jumamosi mchana Asia akifunga kibanda watakutana amfundishe lugha ya alama, na Asia naye anajua kuogelea kuliko wanaume wengi, basi somo likawa linafanyika huko huko ufukweni, watoto wetu wakiwepo. Mimi haya niliyasikia nusunusu, unajua mtu anakusimulia wewe unavua soksi na akili iko kwingine.

Siku moja, ilikuwa kiangazi, wanafunzi wa tuisheni hawakutokea kwa sababu kulikuwa na mechi, nikachukua bodaboda nirudi nyumbani, na njiani nikamwambia dereva apite barabara ya juu ya ufukwe nipate upepo kidogo. Nikawaona. Yunisi alikuwa majini, mbali, mahali ambapo hawezi kusimama, anakuja taratibu anapiga maji, na Asia yuko pembeni yake hamshiki. Alipofika akasimama, maji yanamchuruzika, nguo imemganda, anahema, na sijamwona na uso ule tangu siku Bariki alipozaliwa. Watoto wangu wakanyanyua mikono juu wote wawili wakawa wanaitikisa hewani, hawatoi sauti. Mimi nikadhani wameniona, wananipungia. Nikanyanyua mkono na mimi. Kisha nikagundua hawanitazami mimi, wanamtazama mama yao, na baadaye ndipo nilipoelewa kwamba viziwi ndivyo wanavyopiga makofi. Nikashusha mkono. Dereva akaniuliza kama nateremka. Nikamwambia twende.

Toka siku ile kitu kiliingia ndani yangu na hakikutoka. Nikaanza kumchunguza mke wangu kama vile namchunguza mwizi. Nikaona jinsi wazazi wa wanafunzi wanavyomsimamisha njiani kumsalimia, mimi wanaishia kunipa shikamoo tu. Nikaona amepungua mwili bila kukimbia asubuhi, wakati mimi mbio zangu zilikufa mwezi wa pili. Nikaanza kurudi mapema siku moja moja nile nao, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kabisa, kwa sababu watoto na mama yao walikuwa wamezoea kuongea kwa mikono mezani, Diana anafanya hivi kwa vidole, Bariki anajibu, Yunisi anaziba mdomo asiteme chakula kwa kicheko, na mimi nimekaa pale sijui wanasema nini. Nikaamini wananisema mimi. Nikawauliza, Diana akanieleza kwamba kaka yake amesema ugali wa leo umekaa kama kichuguu, na bado sikuamini. Nikawaambia marufuku kuongea lugha ile mezani, ni kukosa adabu mbele ya mzazi. Wakaacha. Tukawa tunakula kimya, na Mungu anisamehe, nilijisikia nimeshinda kitu.

Yunisi hakubishana. Ila aliniambia kwamba amejaza maombi ya kwenda Dodoma, kuna mafunzo ya miezi kadhaa kwa walimu wa watoto viziwi, yanaanza Januari, yanalipiwa kila kitu, na mama yake wa Kasulu amekubali kuja kukaa na watoto. Akaniuliza maoni yangu. Nikamwambia aombe tu, nikiwa na hakika hatapata, kwa sababu wanaomba walimu wa nchi nzima.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Novemba. Asubuhi mkuu wetu wa shule alituita walimu akatangaza makamu mpya, na hakuwa mimi, alikuwa mwalimu Rozalia ambaye mimi namzidi miaka ya kazi, mwanamke ambaye kengele ya mwisho ikilia anachukua mkoba wake anaondoka, ana kwaya, ana bustani ya mchicha, na likizo huwezi kumpata kwenye simu. Wenzangu walipiga makofi na mimi nikapiga. Baadaye mkuu aliniita pembeni akaniambia kwa heshima kabisa kwamba jina langu lilizungumzwa, lakini mwaka huu nimekuwa mtu wa kuja nimechoka, madaftari ya wanafunzi yanakaa bila kusahihishwa, na mara mbili nimekutwa nimesinzia darasani. Akasema, "Mwalimu, wewe una uwezo, ila uko kila mahali." Nikatoka nikaenda kukaa chini ya kivuli cha maktaba, na wakati nimekaa pale simu ikaita.

Ilikuwa sauti ya mama mmoja, mpole, akajitambulisha kwamba anapiga kutoka chuoni Dodoma. Akauliza kama anaongea na mume wa mwalimu Yunisi, kwa kuwa simu ya mwalimu haipatikani na kwenye maombi aliandika yangu kama ya pili. Ni kweli, Yunisi akiwa darasani huzima simu. Akasema amechaguliwa, na wanahitaji jibu siku ile.

Nikamwambia, "Ameghairi."

Yule mama akauliza kama nina hakika, kwa sababu maombi yake yalikuwa mazuri mno.

"Watoto bado wadogo," nikasema. "Samahani kwa usumbufu."

Bariki yuko darasa la tano, Bi Mwanamvua. Nilisema maneno yale kwa sauti ya kawaida kabisa, na nilipokata simu niliingia darasani nikafundisha kipindi cha mito na maziwa vizuri kuliko siku zote za mwaka huu.

Wiki iliyofuata Yunisi akasikia kwamba mwalimu mwingine wa Kasulu amepigiwa simu. Akangoja siku kadhaa, kila simu ikiita anaruka, kisha jioni moja akakaa kitandani akalia. Nikamkumbatia. Nikamwambia mwaka ujao atapata, nikamwambia wale watu wanapendeleana, nikamfuta machozi kwa mkono huu huu ninaoandikia. Akaniambia, "Asante mume wangu, bila wewe ningepasuka." Na tangu siku ile amebadilika. Jumamosi haendi tena ufukweni. Asia alikuja mlangoni kumuulizia, Yunisi akamjibu kwa ishara chache wakaagana. Na juzi akaniambia amefikiri sana, labda Mungu alitaka kumwonyesha kwamba ananyoosha miguu nje ya nyumba yake, basi tukiteremka Kibirizi mwaka huu yeye atakuwa na lengo moja tu, kunisaidia mimi nimalize uzamili wangu, mambo ya lugha ya alama ameyaacha.

Mshauri, miaka yote hii nilitaka kushinda na sasa nimeshinda kila kitu na siwezi kumeza chakula. Nikimwambia ukweli nitampoteza, na nisipomwambia nitakaa pale ufukweni nimsikilize akinipa mwaka wake mzima kama zawadi. Kuna rafiki yangu mmoja, nimwite Dismasi, nilimdokezea, akaniambia nikae kimya, nimtafutie Yunisi mafunzo mengine kimyakimya, mambo yaishe. Naona kama ana busara. Wewe unasemaje? Na nifanye nini na huu wivu, maana bado upo, hata sasa ninapoandika nikikumbuka alivyotoka kwenye maji yale unanichoma.

Ni mimi, Mume wa Katubuka.

BI MWANAMVUA ANAJIBU

Baba Bariki, marahaba. Kabla sijaendelea, nimebadilisha majina mengine ya kwenye barua yako ili mkeo asijulikane. Lako nimelificha pia, ingawa kwa kweli hukustahili.

Barua yako ilinifikia Jumatatu na uliweka namba yako ya simu, nami sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia siku ile ile kwa sababu mafunzo yanaanza Januari na kila siku unayokaa ukijihurumia ni siku ya Yunisi inayokwenda. Wasomaji wajue kwamba niliyokwambia kwenye simu yalikuwa machache. Nilikwambia rudi nyumbani, mkalishe mkeo, mwambie ulichofanya bila kutanguliza makamu mkuu, bila kutanguliza uchovu, bila kumtaja huyo Dismasi wako, halafu mpe namba ya chuo. Ulianza kuniambia utasubiri sikukuu zipite ili usimharibie. Nikakuuliza umekwishamharibia kiasi gani mpaka sasa.

Jumatano ulinipigia, na umeniruhusu nieleze kilichotokea kwa faida ya wengine. Ulimwambia jikoni, akiwa anachambua dagaa. Unasema hakupiga kelele. Alinawa mikono, akajifuta, akasema, "Kwa hiyo niliyelia naye ndiye aliyeniliza." Hakuichukua ile namba. Alikusukumia karatasi uliyoiandikia akakwambia upige wewe, mbele yake, umwambie yule mama kwamba ulidanganya, na uweke sauti ya nje. Ukapiga. Ukasema. Yule mama wa chuo akaomba kuongea na mwalimu Yunisi mwenyewe, akamweleza kwamba nafasi ya Januari imekwishachukuliwa na mtu amekwishakata tiketi, ila kundi jingine litaanza Julai na jina lake atalirudisha yeye mwenyewe leo hii. Yunisi akamshukuru. Kesho yake akawachukua watoto wakaenda kwa mama yake Kasulu, shule zimefungwa, akakwambia atarudi shule zikifunguliwa na usimfuate.

Sasa unaniuliza kama umempoteza. Sijui, na wewe hujui, na pengine hata yeye hajui. Alisema atarudi. Mshike kwenye neno hilo na umwache apumue. Usitume wazee, usitume mchungaji, usimpigie mama mkwe ukamlilia. Ukimpigia, muulize watoto wameamkaje, mueleze nyumba ikoje, kata simu. Mtu aliyedanganywa mara moja na sauti ya upole hataki upole mwingi kwa sasa.

Tuje kwenye wivu wako, maana hapo umeniandikia kama vile ni homa imekupata barabarani. Wivu ule ulikuwa nao tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, tena uliulisha wewe mwenyewe. Mkeo alikuletea siku moja kwa mwaka ya kukaa mkila samaki na kuambizana mnachotamani, wewe ukaigeuza mtihani ukajipa maksi. Alipokuwa na mimba na mambo yake yamekwama ulijisikia umeshiba. Ni maneno yako, nimeyasoma mara mbili nikidhani macho yangu yamekosea. Mtu anayeshiba kwa njaa ya mkewe, siku mke akishiba ni lazima yeye aone njaa. Na huna haki ya kushangaa.

Pole yangu ninayo pia, nisiseme sina. Nakuonea huruma kwa sababu ulichokuwa unakionea kijicho kilikuwa chako. Wale watoto ni wako. Ile meza ni yako, chakula kilifunikwa kwa ajili yako. Lile somo la kuogelea uliahidi wewe na ungelitoa wewe, na hungehitaji zaidi ya Jumamosi chache. Diana alipokueleza mzaha wa ugali alikuwa anakufungulia mlango uingie, wewe ukaufunga kwa amri ya baba. Unasema ulikuwa huna muda. Muda wa kusimama juu ya barabara ukimtazama mkeo aliyekuwa na furaha ulikuwa nao. Ungeteremka tu kwenye hiyo pikipiki, na leo tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Mkuu wako wa shule alikupa ushauri bora kuliko wangu na hukumsikia kwa sababu ulikuwa unahesabu nani kapigiwa makofi. Uko kila mahali. Watu wengi mtaniandikia mwezi huu mkiwa na malengo ya mwaka marefu kama sala ya asubuhi, kazi, masomo, nyumba, mwili, lugha, na ninyi wote nawajibu kupitia huyu ndugu. Kila lengo unalotaja lina mtu atakayelilipia. Ukisema nitafungua tuisheni Jumamosi, kuna mtoto anayekosa baba Jumamosi. Basi kabla hujalitaja, mgeukie huyo mtu umuulize anaweza kulilipia au hawezi, na akisema hawezi, usimcheke wala usimwambie hukuoa ili upunguze mwendo. Na lile la nyumbani lisiwekwe mwishoni kama bizari. Mwalimu Rozalia anayekukera na bustani yake ya mchicha analijua hilo, ndiyo maana anafika kazini akiwa mzima.

Kuhusu Dismasi, ushauri wake wa kunyamaza na kumtafutia mke mafunzo mengine kimyakimya ni wa kukusaidia wewe ulale, si wa kumsaidia Yunisi ajue kwamba alichaguliwa. Angeishi miaka akiamini hakufaa. Hicho ndicho ulichomwibia, kikubwa kuliko safari. Ulipomwambia ukweli ulimrudishia hicho angalau, na kwa hilo nakupa sifa moja, ndogo.

Haya, sikiliza utakavyofanya. Tuisheni ya Jumamosi funga, waambie wazazi mapema watafute mwalimu mwingine. Uzamili andikia chuo chako uombe kuahirisha mwaka, wanaruhusu, wewe si wa kwanza. Mafundi wa kiwanja wasimamishe mpaka mwaka wa pili, ukuta hautakimbia. Kifaransa na mbio za asubuhi siyajui na sitaki kuyasikia. Madaftari ya wanafunzi yaliyokaa, yasahihishe yote likizo hii, kwa sababu kuna watoto wa watu nao wamekungoja. Halafu nenda Mwanga kwa yule fundi cherehani, Asia, umwombe akufundishe na wewe. Usimwambie Yunisi kwamba umeenda. Usitake asikie, usitake akusifu, usirudi kwangu kuniambia umejifunza maneno mangapi. Jifunze ili uweze kukaa na watoto wako mezani ukaelewa wanachochekea.

Wivu utarudi. Utarudi siku Yunisi atakapopigiwa simu tena, utarudi atakapoleta cheti, utarudi watu watakapomwita semina akaelekeze wengine. Ukirudi, mwambie yeye, kwa sauti, kabla hujafanya chochote. Sema, "Mama Bariki, leo nimekuonea wivu." Utaona aibu, na aibu hiyo ina faida, kwa sababu mtu aliyekwisha kulisema jambo la aibu mbele ya mkewe hawezi tena kulifanya mgongoni kwake.

Mwisho wa mwaka huu usiende Kibirizi peke yako kutangaza malengo mapya. Umeshayapata mengi ya kukutosha. Januari atarudi, hata kama ni kwa ajili ya watoto, na miezi yote hiyo kabla ya Julai utapika, utafua, utakuwepo, bila kudai msamaha. Julai utampeleka stesheni. Utabeba begi lake mpaka ndani ya behewa, utamtafutia kiti cha dirishani, utashuka. Treni ikiondoka usisimame pale ukisubiri akugeukie. Bibi yao wa Kasulu usimwite safari hii; watoto watakuwa wanatoka shule na hakuna mtu mwingine wa kuwapikia.